Rangi Niliyomficha Daktari

Athmani aliniambia nisitaje rangi, nami nikakubali. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la saruji nje ya kliniki ya kifua, mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijaanza, na mbele yangu kulikuwa na watu kumi na mmoja. Nilikuwa nakohoa tangu mwezi wa saba. Suruali nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani, kwa sababu mshipi ulikuwa umeishiwa matundu.

"Ukiwaambia unapuliza rangi, watakwambia acha leo hii," Athmani alisema kwa sauti ya chini. "Na gari limebakisha mikono mitatu tu ya rangi. Wewe sema umestaafu, unakaa nyumbani. Si ndiyo kweli?"

"Ni kweli."

"Basi. Hujamdanganya mtu."

Daktari alikuwa msichana mwenye umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanionyesha kiti, akashika kalamu.

"Mzee, kuna kazi yoyote unafanya yenye vumbi, moshi ama kemikali?"

"Nimestaafu, daktari."

"Sawa, lakini siku yako inaendaje? Ukiamka unafanya nini?"

"Nakaa tu. Nalisha kuku."

Kuku tulikuwa nao wanne. Akaandika. Niliitazama ile kalamu ikienda, nikajua kuna mahali pa kusema "ngoja kidogo," na sikusema. Nimeandika habari hizi kwa ajili ya mtu ambaye leo au kesho atakaa kwenye benchi kama lile na jambo lake moja mfukoni, akidhani ni dogo.

Niseme kuhusu gari, maana bila hilo mtu hatanielewa.

Nilifanya kazi ya karani wa stoo kwenye karakana ya shamba la katani miaka ishirini na tisa. Niligawa spana, boliti, grisi na mikanda ya mashine kwa mafundi, na kila siku niliwaonea wivu. Mimi niliandika tu; wao walitengeneza. Nilipostaafu nilipata kigari Wundanyi, kwenye banda la mwalimu mzee, kuku wakiwa wamekigeuza kiota. Ni kigari cha Kiingereza cha miaka ya sitini, milango miwili, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu mkuu wetu alikuwa na kama hicho. Asubuhi za baridi wanafunzi sita tulikisukuma mpaka kiwake, halafu kinatuacha na moshi. Sikuwahi kukaa ndani.

Nilikileta Voi juu ya lori la mchanga. Mke wangu, Mama Mwakio, alitoka jikoni, akakizunguka mara moja, akauliza, "Na mama yake yuko wapi? Hiki si ni kitoto?"

Kwa miaka kumi nilikijenga upya nyuma ya nyumba yetu mtaani Mwakingali. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, nikaikata yote na kuchomelea bati jipya. Injini yake ya asili ilikuwa imeganda. Nikaweka ya gari dogo la Kijapani, na ili iingie ilibidi nisogeze ukuta wa mbele kwa upana wa viganja viwili. Dashibodi niliichonga kwa mti wa mgrevilea kutoka shamba la mama yangu. Nilipanua madigadi, nikaondoa paa lililooza na kuweka la turubai linalokunjika. Na viti, hilo lilikuwa wazo la Mama Mwakio mwenyewe: alisema atavisuka kwa katani, kwa mtindo wa vikapu vyetu vya Kitaita, mistari ya kahawia na nyeusi. Alimaliza kiti cha dereva kwa mwaka mmoja. Watu walikuja kukitazama kiti hicho kabla ya kutazama gari.

Kisha ikafika rangi, na rangi ndiyo iliyonila.

Athmani ni mpiga rangi wa magari, mtu wa Voi aliyezaliwa hapa, babu zake walikuja kutoka pwani na reli. Tumejuana tangu tulipokuwa na nywele nyeusi. Yeye ndiye aliyeniletea ile rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, inayokauka ngumu na kung'aa kama kigae. Alinifundisha kushika bunduki ya rangi na kuipitisha bila kutetemeka. Lakini Athmani hupuliza nje, kando ya barabara, upepo unachukua. Mimi sikutaka vumbi. Mtu anayeijua Voi anajua vumbi letu jekundu. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni ni la waridi. Kwa hiyo nilifunga banda kwa turubai pande zote, nikaziba nyufa kwa magunia, nikamwagia sakafu maji, nikajifungia ndani na kompresa. Usoni nilifunga kitambaa kilicholowa maji.

Na nilipomaliza, nilikunywa maziwa. Mafundi wote niliowajua walikunywa maziwa. Kwenye karakana ya katani waliochomelea walipewa nusu lita kila mmoja, mimi ndiye niliyewagawia na kuwapigia alama. Tuliamini maziwa yanaosha kifua. Sijui nani alianza kusema hivyo. Najua kwamba mimi, mtu wa kidato cha nne, niliamini kuliko nilivyoamini maandishi mekundu ya onyo kwenye kopo.

"Maziwa yanaenda tumboni," Mama Mwakio aliniambia. "Wewe ile kitu unaivuta kifuani. Kwani tumbo na kifua ni chumba kimoja?"

"Unajua kusuka, Mama Mwakio. Mambo ya rangi tuachie."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Kila siku niliyopuliza rangi, jioni yake nilipata homa na kutetemeka, kifua kikabana kama mtu amekikalia. Baada ya siku mbili tatu homa inaondoka. Mwanzoni nilidhani ni malaria. Baadaye nilianza kuona mpangilio wake. Naandika hili waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma: siku ile kwenye benchi si kwamba sikujua. Nilikuwa nashuku, na nilishuku sana.

Picha ya kifua ilionyesha ukungu pande zote mbili. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Lakini nilikuwa nimekonda, nina homa za jioni, nakohoa miezi mitatu, na ni mzee asiyefanya kazi yoyote. Wakaamua kunianzishia dawa za kifua kikuu. Siwalaumu. Niliwapa nusu ya habari, nao wakatibu nusu waliyopewa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya vidonge vinne vikubwa kila asubuhi kabla ya chai. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, hata machozi yaliacha doa kwenye leso. Nyayo ziliwaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Mara ya kwanza nilipojiona kwenye kioo cha gari nilichokuwa nimekifunga mwenyewe, niliona mifupa ya mashavu ya baba yangu alipokuwa kwenye jeneza.

Mvua za vuli zilinyesha vizuri mwaka ule. Kwa sababu ya unyevu sikupuliza rangi msimu wote, na nikapata nafuu. Kikohozi kikapungua, nikala sahani nzima ya ugali na mboga ya kunde. Kliniki wakafurahi, wakasema dawa zinafanya kazi. Mama Mwakio akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma nikitazama kucha zangu.

Pale kliniki nilimzoea mama mmoja kutoka Makwasinyi, ng'ambo ya mlima Kasigau, mkulima. Alikuwa akiondoka kwake kungali giza ili awahi foleni. Alinigawia mhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani la mgomba, na hakuogopa kukaa karibu nami, maana tulikuwa na ugonjwa mmoja, au ndivyo alivyodhani. Alimwambia nesi kila kitu, hata mambo ambayo mimi ningeona haya: kwamba mumewe anakunywa, kwamba aliruka dawa siku nne kwa sababu hakukuwa na chakula cha kunywea. Nesi alimkaripia, halafu akamtafutia unga. Nilimwona mama yule akinenepa mwezi baada ya mwezi. Nilifikiri yeye hajui kuficha. Sasa naona alikuwa na akili kunizidi.

Mama yangu mzazi aliishi Mgange, juu kabisa, kwenye baridi na ukungu, safari ya kama saa mbili kutoka Voi. Alikuwa na miaka tisini na mmoja. Dada yangu Mghoi, mdogo wangu, ndiye aliyekaa naye. Zamani nilikuwa nikipanda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kisha gari likaanza kula Jumamosi zangu, moja moja, mpaka mwaka mmoja nilipanda mara tatu tu. Mama hakulipenda gari. Aliniambia, "Umelizaa mwenyewe, sasa unalinyonyesha. Mimi niliyekuzaa nakaa natazama barabara." Alilisema akicheka, lakini mama yangu akikasirika ndivyo anavyocheka.

Habari za kifua kikuu zilipofika mlimani, Mghoi alinipigia simu.

"Kaka, usikasirike. Lakini usije kwanza."

"Nesi amesema baada ya wiki chache za dawa simwambukizi mtu."

"Nesi hajui mama alivyo. Ni mifupa na ngozi, akikohoa mara mbili tu nakaa macho. Ukimletea hicho kitu nitakuambia nini, na watu wa hapa wataniambia nini?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Mghoi alishusha sauti. "Anakuuliza kila siku. Nimemwambia uko kwenye dawa."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili. Ningeweza kumwambia dada yangu, "Mghoi, mimi nadhani si kifua kikuu. Nadhani ni rangi." Lakini ningesema hivyo, mama angejua kwamba gari lile alilolisema ndilo linaloniua, na Mama Mwakio angejua, na turubai lingefunguliwa siku hiyohiyo. Nikasema, "Sawa. Nitangoja nimalize dawa."

Kiangazi kilifika, mwezi wa kwanza na wa pili. Kliniki walinibadilishia vidonge, vikawa viwili. Jua la Voi lilikausha kila kitu, na hali ya hewa ikawa nzuri kwa rangi. Nilifunga banda tena, nikawa napuliza Mama Mwakio akiwa sokoni. Nilipuliza mkono wa kwanza kati ya ile mitatu, nikangoja wiki, nikapiga msasa, nikapuliza wa pili. Rangi ilikuwa ya kijani, ile ya jani changa la mgomba baada ya mvua. Nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Nilisimama ndani ya ule ukungu mtamu wenye harufu kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, nikalitazama gari likitokea, na sikumkumbuka mtu yeyote.

Baada ya mkono wa tatu sikuweza kutoka bandani kwa miguu. Nilitambaa. Mama Mwakio alinikuta nimeshika mwimo wa mlango, midomo imekuwa ya zambarau, akadhani ni kifua kikuu kimerudi kwa nguvu. Akanikalisha, akanipepea kwa ungo.

"Ni vumbi la msasa tu," nilimwambia nilipopata pumzi.

"Bandani ulifuata nini na hali hii?"

"Kulitazama tu."

Wiki ile alininunulia kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Alianza kulala chumba cha Mwakio, mtoto wetu aliye Nairobi. Aliacha kusuka kile kiti cha pili. Hakunisema vibaya hata siku moja. Alinipikia uji wa wimbi, akausogeza mezani kwa ncha za vidole, akaketi mbali karibu na dirisha lililo wazi. Tumeoana miaka arobaini na mbili. Ndiyo mara ya kwanza kuona mke wangu ananiogopa.

Masika ilipoanza, mama alikataa kungoja zaidi. Kwetu Taita wazee wanaamini kwamba hasira ya mzazi ikikaa moyoni inaweza kumfunga mtoto, hata kama mzazi mwenyewe hataki. Dawa yake ni kutasa: mzee anachukua pombe ya miwa au maji mdomoni, anayapuliza nje kama mvua ndogo, na kwa kila pulizo anataja jema analomtakia yule mtu. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, lakini hili hakuliacha. Aliamini ugonjwa wangu umetoka kwake, kwa sababu ya maneno aliyosema kuhusu gari.

Mghoi akanipigia simu mchana mmoja. "Kaka, mama anataka kukutasia. Nimemwambia hutakuja, amesema basi lete simu. Nimekuweka kwenye spika."

Nikasikia sauti ya mama, nyembamba, ikiuliza, "Yumo humo?"

"Yumo, mama. Sema."

"Mwanangu, kama niliweka neno moyoni juu ya hilo gari, nalitoa." Nikasikia sauti ya maji yakipulizwa. "Upone." Maji tena. "Kifua kifunguke." Maji tena. "Uje unione."

"Mama, usiielekeze huku!" Mghoi alipiga kelele. "Simu yangu imelowa yote, haki! Kaka, unasikia? Nakusikia kama uko ndani ya mtungi!"

Mama alicheka, Mghoi akacheka, na mimi nilicheka mpaka nikakohoa na kukata simu. Halafu nililia. Mwanamke wa miaka tisini na mmoja alikuwa anatoa moyoni hatia ambayo haikuwa yake, na mimi niliyekuwa nayo nilinyamaza tena.

Miezi sita ya dawa ilipokwisha nilikuwa na uzito mdogo kuliko nilipoanza. Kliniki walinitazama, wakatazama picha mpya, wakaniandikia barua ya kwenda Mombasa. Mama Mwakio alinisindikiza. Tulingoja siku mbili kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kiasi kwamba mtu wa mwisho akikohoa wote tunatikisika. Mzee mmoja aliyekuwa na mtungi wa oksijeni kando yake alinifundisha kupumua kwa kubana midomo kama anayepuliza chai. Sikumwona tena baada ya siku ile, lakini napumua hivyo mpaka leo.

Daktari wa Mombasa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyoshuka puani. Hakuanza na kifua. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akazitazama ncha za vidole ambazo zilikuwa zimevimba kama vichwa vya vijiti vya ngoma. Kisha akaisogeza karibu na dirisha.

"Mzee, hii kijani kwenye kucha ni ya nini?"

Mama Mwakio alikuwa ameketi kando yangu, mkoba wa dawa mapajani.

"Ni rangi," nikasema.

"Rangi ya nyumba?"

"Ya gari. Ya kuchanganya na hadina. Napuliza mwenyewe."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, turubai, magunia, kitambaa, maziwa, homa za jioni, na nafuu ya wakati wa mvua. Maneno yalitoka kwa mfululizo kama maji ya bomba lililokuwa limezibwa. Aliandika ukurasa mzima. Alipoinua kichwa aliuliza jambo moja tu: "Kule kliniki walikuuliza?"

"Waliniuliza."

Mama Mwakio alifunga mkoba wa dawa. Alisema tulipofika ukumbini.

"Miezi yote hii nimekutenganishia kikombe."

"Najua."

"Nimelala chumba cha mtoto. Nilikuwa nanawa mikono nikikugusa, Baba Mwakio. Nilikuwa nanawa, halafu naenda nyuma ya nyumba nalia kwa sababu nimenawa. Na wewe ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Athmani anajua?"

"Anajua."

Akainuka akaenda kutafuta maji ya kunywa. Alirudi na chupa moja, akanywa, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akanipa. Nikanywa. Hayo ndiyo maongezi tuliyoyafanya juu ya jambo hilo, na sijui kama alinisamehe siku ile au alichoka tu.

Nililazwa wiki tatu. Dawa mpya zilinivimbisha uso ukawa wa duara kama mwezi, nikawa nakula kama mchimba mawe, ngozi ya mikono ikawa nyembamba hata ukinishika kwa nguvu inaacha doa la damu. Lakini homa zilikwisha. Daktari aliniambia kwamba sehemu ya mapafu iliyokuwa imevimba kwa ile rangi imetulia, na sehemu iliyogeuka kovu itabaki kovu. Kama ningeacha rangi mwezi ule wa kumi, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Athmani alikuja Mombasa na embe mbili na kofia yake mkononi. Alisimama mbali na kitanda.

"Wallahi sikujua, ndugu yangu. Mimi nimepuliza miaka thelathini."

"Unapuliza nje, Athmani."

"Ulimi wangu ule. Siku ile pale nje."

"Ulimi ulikuwa wako, lakini mdomo uliofunga ni wangu." Nilimaanisha hivyo. Sijawahi kumlaumu zaidi ya hapo. Siku hizi hufunga barakoa yenye vichujio, na vijana wa barabarani wanamwita rubani.

Nilimpigia Mghoi kutoka wodini nikamwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ungeweza kuja," akasema mwishowe. "Siku zote hizo."

"Ningeweza."

"Na mimi ndiye niliyekuzuia. Umenifanya mimi nimzuie mtoto asimwone mama yake."

Nilimwomba anipe mama. Akasema mama amelala, na baadaye nikajua alikuwa hajalala; alikuwa ameanza kutotambua watu.

Nilirudi Voi mwezi wa sita na mashine ya oksijeni inayotumia stima. Nilitaka kupanda Mgange wiki hiyohiyo. Daktari alikuwa amenionya: hewa ya juu ni nyepesi, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba haina mchezo na kifua kama changu, ngoja nipate nguvu. Stima ikipotea, Mama Mwakio alinikalisha kwenye kiti cha uvivu mlangoni, akanihesabia pumzi: ingiza, moja, mbili, toa, moja, mbili, tatu, nne. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa nasari. Nilikuwa nikijiwekea lengo: leo mpaka chooni bila kushika ukuta, kesho mpaka lango, wiki ijayo Mgange.

Mama alifariki katikati ya mwezi wa saba, asubuhi, akiwa na Mghoi peke yake.

Tulipanda siku ya maziko kwa gari la kukodi, na mtungi mdogo wa oksijeni kati ya magoti yangu. Kuanzia kona za juu ya Mwatate nilihisi pumzi inapungua, kama mtu anayeshusha utambi wa taa. Tulifika. Lakini mtu anayejua kwetu anajua shamba la mlimani linavyokaa: barabara iko juu, nyumba iko chini yake, na kaburi lilichimbwa chini zaidi, kwenye matuta, karibu na kaburi la baba. Kushuka ningeweza. Kupanda kurudi barabarani nisingeweza, na mtungi ulikuwa wa saa mbili tu. Vijana wa ukoo walisema watanibeba kwa kiti. Tulijaribu hatua chache. Njia ilikuwa na tope, mmoja akateleza, nikaanza kukohoa damu kidogo kwenye leso. Mama Mwakio akasema, "Mrudisheni garini."

Kwa hiyo nilimzika mama yangu kutoka barabarani, dirisha likiwa wazi nusu. Ukungu ulikuwa umefunika matuta. Nilisikia nyimbo, sikuwaona waimbaji. Nilimsikia mchungaji akiwaita watoto wa marehemu waje waweke udongo, na nikasikia jina langu, halafu kimya, halafu minong'ono ya watu. Mama Mwakio aliweka udongo mara mbili, mara yake na mara yangu. Aliporudi juu mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni, akanishika uso nayo bila kunawa.

Mghoi hakupanda barabarani kuniaga. Alituma ndizi.

Sasa mwaka na miezi kadhaa imepita. Mabaya zaidi yamekwisha. Natumia oksijeni nikilala tu. Naweza kutembea mpaka dukani nikipumzika mara mbili, na muuza duka ameweka kreti la soda nje kwa ajili yangu, hajasema ni langu lakini hakuna mwingine anayelikalia. Kikombe changu kimerudi kwenye rafu ya wote. Mghoi hupiga simu sikukuu. Gari liko bandani, limemaliza rangi, linang'aa, na turubai za ukutani zimetolewa zote ili upepo upite. Injini huwashwa na Athmani mara moja kwa mwezi. Mimi sikai ndani; moshi wake hauelewani nami.

Kwa wewe uliye kwenye benchi: wakikuuliza, sema. Sema kazi unayolipwa na ile unayoifanya kwa mapenzi tu, sema unachovuta, unachopuliza, unachochoma, unachochanganya. Usimwachie mwingine akuchagulie maneno, hata awe rafiki. Daktari hana dirisha la kuchungulia banda lako.

Mimi nilinyamaza ili nimalize mikono mitatu ya rangi. Kunyamaza huko kuliondoa karibu nusu ya mapafu yangu, na hayarudi. Kulimfanya mke wangu aogope kunigusa kwa miezi mingi bila sababu. Kulivunja undugu wangu na dada yangu. Na mama yangu, aliyeniita kwa miezi tisa nikiwa umbali wa saa mbili tu, alikufa hajaniona.